Macho Yaliyoguswa na Pombe Kabla ya Kuzaliwa

Pombe anayokunywa mama mjamzito hupenya kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto kwa muda mfupi, na kiwango chake huko hukaribia kile kilichomo katika damu ya mama. Mama ana ini lililokomaa la kuivunja, lakini mtoto aliye tumboni bado hana. Sehemu ya pombe hutoka kwa mkojo wake, hukaa ndani ya chupa ya uzazi, naye huimeza tena. Hivyo mama anaweza kuamka asubuhi kichwa kikiwa chepesi ilhali mtoto angali na pombe ya jana mwilini. Kiungo kinachoathirika zaidi ni ubongo, na kwa kuwa macho huchipua kutoka kwenye ubongo wenyewe, nayo hupata sehemu yake ya madhara.

Madhara hayo ni mengi na hayafanani kwa kila mtoto. Mmoja huzaliwa na upenyo mfupi wa macho, mwingine na kope la juu linalolegea, mwingine na makengeza. Wapo wenye jicho dogo kuliko kawaida, konea yenye ukungu, mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au mboni iliyopasuka upande wa chini. Wengi zaidi wana macho yanayoonekana mazima kabisa kwa nje, ila hawaoni vizuri mbali wala karibu, au neva inayounganisha jicho na ubongo ni nyembamba. Katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania kasoro hizi huangukia katika pengo gumu: jicho huwa limeshaumbwa kabla mama hajafika kliniki kwa mara ya kwanza, na udhaifu wake mara nyingi hugundulika mtoto akishakaa kwenye dawati.

Dunia ya tiba ilichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1968 daktari wa watoto Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, akaonyesha kwamba walifanana sana kwa sura na tabia. Maelezo yake hayakusomwa na wengi. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona mambo yaleyale na kuyapa jina la sindromu ya pombe kwa mtoto aliye tumboni. Upande wa macho ulifanyiwa kazi hasa Göteborg, Uswidi, ambako tangu miaka ya 1980 daktari Kerstin Strömland na wenzake waliwachunguza watoto wa aina hiyo kwa kuangalia ndani ya jicho. Walikuta karibu nusu yao wana neva ya jicho isiyokomaa, na wengi wana mishipa ya damu ya retina iliyojikunjakunja isivyo kawaida. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito wake, kwa sababu sura ya mtoto hubadilika anapokua, lakini neva iliyozaliwa nyembamba hubaki nyembamba. Uchunguzi uliofanywa baadaye hukohuko Göteborg, kwa watoto walioasiliwa kutoka Ulaya ya Mashariki, ulionyesha kwamba kasoro hizo ziliendelea hadi mwanzo wa utu uzima.

Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema karibu mwanamke mmoja kati ya 10 duniani hunywa pombe akiwa mjamzito, na kwamba watoto wapatao 15 kwa kila 10,000 huzaliwa na sindromu kamili. Wenye madhara ya kiasi ni wengi kuliko hao. Afrika Kusini ndiko kulikopatikana viwango vya juu kabisa: katika mji wa Wellington, Jimbo la Cape Magharibi, uchunguzi wa mwaka 1997 ulikuta zaidi ya watoto 40 kwa kila 1,000 wa darasa la kwanza wana sindromu hiyo. Ni eneo la mashamba ya mizabibu, ambako kwa vizazi vingi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai.

Kwa Tanzania, picha nzuri zaidi inatoka Moshi. Kumbukumbu za uzazi za Hospitali ya KCMC za kati ya mwaka 2000 na 2010 zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa kipindi hicho karibu nusu ya wanawake waliojifungulia pale walisema walikunywa pombe wakati wa ujauzito, na mwishoni walibaki karibu mmoja kati ya watano. Kilimanjaro ni nchi ya mbege, pombe ya ndizi, na Kilombero si Kilimanjaro. Hata hivyo, kupungua huko ndani ya miaka 10 kunathibitisha kwamba desturi hii haikuandikwa kwenye jiwe.

Kilombero nako kuna pombe yake. Ifakara, Mang'ula, Kidatu, Mlimba na ng'ambo ya mto kuelekea Malinyi na Mahenge, kinywaji cha watu wa kipato kidogo ni komoni. Unga wa mahindi huvundikwa kwa siku kadhaa, hukaangwa kwenye sufuria pana mpaka ubadilike rangi, kisha hutiwa maji na kimea cha ulezi na kuachwa uchachuke. Unywaji huanza pombe ingali inatoa povu. Kinachotatiza hesabu ni kwamba pombe hiyo haitulii: ya asubuhi ni laini, ya jioni ni kali, na ya siku ya pili ni kali zaidi. Hunywewa kwa kopo au jagi la plastiki linalozunguka, kila mtu akipiga funda na kumpa jirani. Pombe za nafaka za namna hii mara nyingi huwa na kilevi cha asilimia 3 hadi 6. Lita moja ya kinywaji chenye asilimia 5 ina karibu gramu 40 za kilevi halisi, yaani karibu sawa na chupa mbili kubwa za bia za mililita 500. Mwanamke anayesema "nilionja tu" huenda alionja nusu lita.

Wapikaji wa komoni wengi ni wanawake, na kwa baadhi yao ndiyo ada ya shule na sare za watoto. Mpikaji hulazimika kuonja ili ajue imeiva, tena mara nyingi kwa siku. Kutoka nyanda za juu za Iringa, nyuma ya milima ya Udzungwa, kuna ulanzi wa mianzi, na kila mahali kuna gongo, ambayo sheria imeipiga marufuku tangu miaka ya 1960. Pombe za viroba, zilizokuwa nafuu na rahisi kufichwa kwenye pindo la khanga, zilipigwa marufuku mwezi Machi 2017. Togwa haimo katika orodha hii. Ikiwa mbichi haina kilevi cha kutajika, na ndiyo maana hupewa hata watoto. Iliyoachwa siku kadhaa ikachacha ni habari nyingine.

Hapa kuna mkanganyiko unaostahili kuondolewa. Watu husema gongo hupofusha, na ni kweli kwamba pombe iliyochanganyika na methanoli inaweza kuua neva ya jicho la mnywaji mwenyewe ndani ya siku moja au mbili. Lakini macho ya mtoto aliye tumboni hayahitaji methanoli ili yadhurike. Kinachoyaathiri ni kilevi cha kawaida kilichomo katika komoni safi, bia ya kiwandani, ulanzi na divai ya altareni. Mama anayeacha gongo na kuhamia bia kwa ajili ya ujauzito hajabadilisha jambo la msingi.

Kuumbwa kwa jicho huanza mapema mno. Wiki ya nne tangu mimba itungwe, vifuko viwili huchomoza kutoka kwenye ubongo mchanga. Mbele ya vifuko hivyo ngozi hujikunja na kuwa lenzi, na vifuko vyenyewe hubonyea kuwa vikombe vitakavyokuwa retina. Upande wa chini wa kila kikombe kuna mfereji unaopitisha mishipa ya damu, nao hujifunga katika wiki ya sita na ya saba. Usipojifunga, mboni hubaki na ufa kama tundu la ufunguo. Wakati huohuo chembe maalumu husafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete kuja kujenga konea na sehemu ya mbele ya jicho, pamoja na mifupa ya uso. Majaribio ya Kathleen Sulik na wenzake kwa panya, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1981, yalionyesha kwamba pombe kwa siku moja tu mwanzoni mwa ujauzito inatosha kuleta sura ileile iliyoonekana kwa watoto: macho madogo, upenyo mfupi, na mdomo wa juu usio na kifereji chini ya pua.

Sababu moja inayotolewa na wanasayansi inahusu vitamini A. Ili jicho liumbike, mwili hugeuza vitamini hiyo kuwa asidi inayoelekeza chembe zikae wapi na ziwe nini. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo vina undugu na vile vinavyovunja pombe, na pombe ikijaa, kazi ya vitamini huzoroteshwa. Haina maana kwamba mjamzito anywe vidonge vya vitamini A kufidia, kwa kuwa ikizidi katika miezi ya mwanzo nayo huleta vilema.

Baada ya miezi mitatu umbo la jicho huwa limekamilika, lakini hatari haijaisha. Neva ya jicho moja hubeba nyuzi zipatazo milioni moja, na ukuaji wake pamoja na ule wa retina huendelea hadi mwisho wa ujauzito. Pombe ya miezi ya mwisho huua chembe za neva na retina au kuzidunisha, bila kuacha alama yoyote usoni. Ndiyo maana mtoto mwenye sura ya kawaida anaweza kuwa na neva dhaifu, na mama aliyeacha kunywa mwezi wa tano amemwokolea mwanawe mengi.

Turudi kwenye wiki ile ya saba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba karibu kila mjamzito wa Tanzania hufika kliniki walau mara moja, lakini ni kama robo tu waliofika katika miezi mitatu ya kwanza. Kilombero kuna jambo la ziada. Mashamba ya mpunga yako bondeni, mbali na kijiji, na msimu ukianza familia nyingi huhamia huko, hulala kwenye vibanda na kulinda mpunga kwenye madungu dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Ujauzito ulioanza wakati wa kupalilia unaweza kufika kliniki baada ya mavuno. Mavuno nayo ndiyo majira ya fedha, ngoma na vilabu vilivyojaa. Kusubiri kadi ya kliniki ndipo mama aelezwe habari za pombe ni kuchelewa kwa miezi. Maelezo hayo yanapaswa kumfikia msichana, na mumewe, kabla ya mimba.

Mama anapofika kliniki, namna ya kuulizwa ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Swali la "Unakunywa pombe?" kwa kawaida hujibiwa "hapana", kwa sababu neno pombe kwa wengi ni bia au gongo, na kwa sababu foleni ya nyuma inasikia. Muuguzi anayeuliza kwa majina hupata jibu: "Mama, kabla hujajua una mimba, ulikuwa unatumia nini, komoni, ulanzi, bia? Unapika mwenyewe?" Katika jamii nyingi za Tanzania ipo imani kwamba pombe ya nafaka huongeza damu au maziwa, na mama aliyeshauriwa hivyo na bibi yake hakuwa na nia mbaya. Kumkemea humfanya afiche, na kinachofichwa hakiandikwi kwenye kadi ambayo daktari wa macho angeihitaji miaka sita baadaye.

Mtoto akishazaliwa, hupitia mbele ya wahudumu mara nyingi: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18, pamoja na matone ya vitamini A. Kila ziara ni nafasi ya kuangalia macho, na vifaa havizidi tochi ndogo na subira. Mwanga ukielekezwa usoni, kimetameta chake kinapaswa kuonekana katikati ya mboni zote mbili. Kikiwa katikati kwa jicho moja na pembeni kwa jingine, kuna makengeza. Katika chumba chenye giza, kwa kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, mboni hurudisha rangi nyekundu au ya chungwa, na rangi nyeupe au kijivu katika jicho moja ni dalili ya mtoto wa jicho au jambo baya zaidi. Mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso wa mamaye kwa macho, au ambaye macho yake huchezacheza bila kutulia, asirudishwe nyumbani kwa maneno ya "atakua". Macho ya kichanga huweza kupotoka kidogo katika wiki za mwanzo, lakini makengeza yanayoendelea baada ya miezi sita si ya kungojea.

Si kila makengeza ni ya pombe, na hilo lisemwe kwa sauti kubwa bondeni, maana jirani ni mwepesi wa kuhukumu. Rubela ya mjamzito humletea mtoto ugonjwa wa mtoto wa jicho na uziwi, na chanjo ya surua na rubela iliingia nchini mwaka 2014. Kuzaliwa njiti, malaria kali ya kichwani, upungufu wa vitamini A na urithi wa ukoo vyote huharibu macho au uoni. Daktari hutafuta mkusanyiko wa dalili: upenyo mfupi wa macho, mdomo wa juu mwembamba, kifereji cha chini ya pua kilichofutika, ukuaji hafifu, kichwa kidogo na maendeleo ya polepole. Watafiti wa Göteborg walitunga mwaka 2020 mizani ya alama kwa macho peke yake. Inapima mambo manne, yaani ukali wa uoni, haja ya miwani, makengeza na ushirikiano wa macho mawili, na maumbile ya jicho. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4, hivyo jumla huanzia 4 na kuishia 16. Mizani hiyo haithibitishi ulevi wa mama. Humwonyesha daktari kiasi cha kushuku.

Tiba inategemea kasoro. Neva nyembamba haina dawa wala upasuaji, ingawa kwa kawaida haizidi kudhoofika. Mtoto wa jicho na kope linalofunika mboni huhitaji upasuaji, na mapema, kwani ubongo usiopokea picha kutoka jicho fulani hujifunza kulipuuza. Bondeni, rufaa hufikia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyopo Ifakara, na upasuaji wa macho ya watoto wadogo hufanywa katika hospitali kubwa kama CCBRT na Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, watu wa Ulanga na Malinyi hawasubiri tena pantoni kuvuka Mto Kilombero. Nauli na siku za kulala mjini bado ni mzigo kwa mkulima wa mpunga.

Sehemu kubwa ya msaada, hata hivyo, haihitaji kisu. Makosa ya lenzi hurekebishwa kwa miwani. Macho ya mtoto hupimwa baada ya kutiwa matone yanayolegeza misuli ya ndani, la sivyo jicho changa hujikaza na kudanganya kipimo. Jicho lililopuuzwa na ubongo huamshwa kwa kuliziba lile zima kwa saa kadhaa kila siku. Mtoto hulalamika na kubandua plasta, na wazazi hukata tamaa, lakini njia hii hufanya kazi vizuri kabla ya miaka saba au minane na hupungua nguvu sana baada ya hapo. Mtoto wa miaka minne asiyejua kusoma anaweza kupimwa kwa chati ya herufi E: huoneshwa herufi iliyogeuzwa huku na huku, naye hunyoosha vidole kuelekea upande meno yake yanakotazama. Mwalimu wa awali akiwa na chati hiyo na mita sita za ukumbi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa darasa zima asubuhi moja.

Lipo tatizo ambalo chati haiwezi kulionyesha. Pombe inapougusa ubongo, mtoto anaweza kuwa na jicho safi na bado ashindwe kutumia anachokiona. Husoma mstari mmoja akarukia wa tatu, hushindwa kunakili umbo la pembetatu, hukosea umbali wa ngazi, hakioni kitabu chake kwenye rundo la vitabu. Akichanganya na utukutu na kusahausahau, ambavyo navyo ni vya hali hii, huitwa mzembe na kuchapwa. Katika darasa la wanafunzi wengi, mambo machache humsaidia: kukaa mbele kwenye mwanga mzuri bila kuelekea dirisha, maandishi makubwa na machache ubaoni, kipande cha karatasi cha kufunika mistari ya chini anaposoma, na maelekezo ya kusikia pamoja na ya kuona. Wenye uoni hafifu sana huhitaji shule zenye walimu waliofunzwa, kama Buigiri iliyoko Dodoma au Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, na uamuzi huo hufanywa baada ya kupimwa hospitali, si kwa makadirio ya mwalimu.

Miwani ya mtoto haidumu. Uso hukua, nguvu ya lenzi hubadilika, na fremu huvunjika uwanjani, hivyo kipimo hurudiwa kila mwaka, na kwa aliye chini ya miaka mitano kila baada ya miezi sita. Wadogo zake nao hupimwa, kwa kuwa mama aliyekunywa katika ujauzito mmoja bila kuelezwa madhara yake aghalabu alikunywa pia katika uliofuata.